Msamaha Nilioomba kwa Deni Nililokwisha Kulipa

Nakumbuka siku moja ya mvua nyingi, nikiwa msichana mwenye haya hata ya kumwita mtu barabarani, nilisimama mbele ya dirisha la nyumba moja ya mikopo hapa Ruashi nikingoja nipewe makuta ya kununua samaki. Mwanangu, nimeamua kukuandikia habari hii kwa sababu kukueleza kwa mdomo kumenishinda. Tangu upate kazi kwenye koperative ya mikopo, kila nikikuuliza unafanya nini huko unanijibu, "Mama, huwezi kuelewa, ni mambo ya ordinatere." Mimi niliishia darasa la sita, na kuandika kunanichukua muda. Basi nawe chukua muda wa kusoma, na simu uiweke mbali.

Wakati huo niliuza samaki wakavu kwenye soko la hapa, juu ya meza ambayo mama yangu, bibi yako, aliniachia aliporudi Pweto kumtunza baba yake. Meza ile ndiyo ilikuwa chakula changu na kodi ya chumba changu. Na meza ya soko, unajua, si shamba la urithi. Ikikaa tupu, mkubwa wa soko anampa mtu mwingine, kwa maana wanaoitaka hawaishi. Wanawake wa mstari wetu walikuwa na desturi ya kukodi kamyo moja kubwa ya mizigo pamoja kwenda Pweto, kununua samaki kwa bei ya kule wanakokaushwa. Kila mmoja alipaswa kujaza magunia yake kwa mtaji wake. Mimi sikuwa na mtaji wa kutosha, ndiyo maana nilikuwa dirishani.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimekopa kwenye koperative nyingine na kulipa deni lote kabla ya siku niliyopangiwa. Nilipewa risiti yenye muhuri. Kwa hiyo nilisimama pale bila wasiwasi. Kijana wa dirishani alitazama kioo cha ordinatere yake, akanitazama mimi, akatazama tena ordinatere.

"Dada, jina yako iko mubaya. Uko ku liste ya bantu benye habalipake."

"Mimi?"

"Njo wewe. Jina yako, avenue yako, namba ya karti yako."

Hakupunguza sauti hata kidogo. Nyuma yangu kulikuwa na mstari mrefu, na baba mmoja mwenye kofia ya mgodi akasema, "Basi atoke, siye benye kulipa tupite." Watu wakacheka. Nikatoka, nikaacha mwavuli wangu pale pale ukutani, na sikuthubutu kurudi kuuchukua.

Wewe unajua orodha hiyo kuliko mimi. Kila nyumba ya mikopo hupeleka majina ya wanaokataa kulipa, na nyumba nyingine husoma hapo kabla ya kukopesha. Ni jambo zuri. Mtu anayekula makuta ya wenzake na kuhamia mtaa wa Annexe na kujifanya mgeni, lazima ajulikane. Lakini jina langu liliwekwa humo kwa uzembe. Baadaye nilielewa kwamba mtu fulani, siku fulani, alipaswa kuandika kwamba nimelipa, na hakuandika. Labda aliitwa kula. Labda alikuwa anacheka na mwenzake. Hakunichukia, hata hakunijua. Na mimi nikawa mwizi wa makuta mbele ya mstari mzima.

Nilikwenda kwenye ile koperative iliyonikopesha. Mkubwa wa ofisi alikuwa mtu wa maneno laini, kijiti cha meno hakikumtoka mdomoni. Alinisikiliza huku akitazama dirisha.

"Aa, hiyo ni kosa kadogo. Andika barua, tutaona."

Hapo ndipo nilipaswa kuuliza barua ya kusema nini. Sikuuliza. Niliona haya, nikasema "merci, baba," nikaondoka kinyumenyume kama mtu anayetoka kwa askofu.

Sasa sikiliza upumbavu wangu, na usinicheke kwa sauti. Barua zote nilizowahi kuona zikipelekwa kwa wakubwa zilikuwa za kuomba pardon. Mtoto akifukuzwa shuleni, baba yake anaandika kuomba huruma. Mfanyakazi akichelewa, anaandika kuomba huruma. Sikujua kwamba mtu anaweza kumwandikia mkubwa barua bila kupiga magoti ndani yake. Basi niligeuza sanduku la samaki nikalifanya meza, nikaandika polepole, herufi moja moja, nikakunjakunja karatasi mbili mpaka ya tatu ikatoka safi: "Naomba kwa unyenyekevu mnisamehe kwa ajili ya deni langu, mtoe jina langu kwenye orodha."

Deni langu! Na risiti yenye muhuri ilikuwa ndani ya mkebe wa maziwa, chini ya kitanda changu!

Barua waliipokea vizuri, wakaipiga muhuri, wakanipa nakala. Nikarudi baada ya siku chache, nikaambiwa mwenye kazi hiyo amesafiri Likasi. Nikarudi tena, hakuna umeme. Nikarudi tena, nikaambiwa, "Tulishatuma, ungoje." Hawakuwa wametuma kitu. Ningewaelewa kama wangeniambia hatutaki. Lakini wale watu walinijibu kwa upole kila mara, wakanipa kiti, mara moja wakanipa hata maji ya kunywa, na hakuna aliyenyoosha kidole chake kufanya kazi ya dakika chache. Mpaka leo nikikumbuka yale maji ya kunywa napandwa na hasira.

Kamyo ikaenda Pweto bila mimi. Nilisimama kando ya barabara nikiwaona wenzangu wamekaa juu ya magunia matupu, wamejifunga vilemba. Mmoja akapiga kelele, "Feza, we utatukuta na ndege?" Wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa kuwa sikujua la kufanya na uso wangu. Malipo yangu ya nafasi kwenye kamyo, ambayo nilikuwa nimetoa mapema, hayakurudi.

Nikabaki nanunua samaki wachache kwa bei ya rejareja na kuwapanga mbalimbali ili meza ionekane imejaa. Haikumdanganya mtu. Mkubwa wa soko akapita, akawatazama wale samaki, akasema bila ubaya, "Mutoto yangu, nikikuta tena hivi, nitapatia mwingine. Bantu banangojea."

Nilipanga chumba kwa Mama Aziza, muuza vikwembe. Babu zake walitoka Maniema na biashara zao, na yeye alikuwa na sauti iliyofanya avenue nzima ijue bei ya kila kitambaa chake. Jioni hiyo alinikuta mlangoni nakula bukari na chumvi, ugali bila kitoweo. Akauliza, nikamweleza. Akataka kuona nakala ya barua. Aliisoma, akairudia, akavua miwani.

"Feza."

"Mama."

"Uliwaibia hawa bantu?"

"Hapana, Mama."

"Ulichelewa kulipa?"

"Hapana. Nilimaliza mbele ya siku."

"Sasa hii pardon ni ya nini? Bo njo balikukosea, na we njo unapiga magoti! Ukikanyagwa muguu mu soko, unaomba pardon kwa mwenye kiatu?"

Nikamjibu taratibu, "Ndiyo, Mama," kwa sababu ilikuwa kweli, nilikuwa nafanya hivyo.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikakatika ghafla, akaniambia maneno ambayo sijayasahau. "Haya yako haisumbue bale benye kukukosea. Inabasaidia. Banalala muzuri juu ya haya yako. Kesho tunaenda, na ile resi ya muhuri utaileta."

Tukaenda. Mkubwa wa ofisi alimkaribisha kwa heshima zote, akamwambia, "Mama, hatukufanya makusudi. Ni mashine."

"Papa, yule kijana wa pikipiki aliyevunja muguu ya mutoto wa jirani yangu, alifanya makusudi?"

"Hapana, lakini..."

"Alikuwa anaangalia simu. Hakumuchukia ule mutoto. Sasa lopitalo, nani alilipa?"

Mkubwa akatoa kijiti mdomoni. "Alilipa yeye."

"Ehe. Na huyu, nani atamulipia kamyo yake?"

Nilifikiri tumeshinda. Kumbe yule bwana alifungua kabati, akatoa barua yangu, akaiweka mbele ya Mama Aziza. "Yeye mwenyewe anaandika 'deni langu'. Anaomba tumusamehe. Mama, muntu anaomba musamaha ya deni yenye haiko?"

Mama Aziza aliisukuma barua mbele yangu. Akanigeukia. Nikaelewa kwamba hapo hawezi kunisemea, kwa kuwa mkono ulioandika ulikuwa wangu. Nikaweka risiti juu ya barua na kusema, na sauti yangu ikatoka ndogo kama ya mgonjwa, "Baba, nililipa. Muhuri ni wenu. Niliomba pardon kwa sababu nilikuogopa. Nilikuja hapa mara nyingi, na hakuna mtu aliyeniomba risiti."

Aliitazama risiti muda mrefu. Ndiyo mara ya kwanza mtu wa ofisi ile aliitazama. Kisha akasema tungoje. Mama Aziza akainuka. "Hatungoje tena."

Kwenye parokia kulikuwa na avoka, mtu wa sheria, aliyesaidia watu bila malipo siku za Alhamisi. Alitueleza kwa maneno mepesi. Sheria yetu inasema anayemwumiza mwenzake kwa kosa lake, hata likiwa la uzembe tu, lazima atengeneze alichoharibu. Kutokusudia hakumwondolei mzigo huo. Lakini mwenye kudai lazima aonyeshe mambo matatu: kosa, hasara, na kwamba hasara ilitoka kwenye kosa lile. "Kosa tunalo," alisema. "Hasara, unaweza kuonyesha nini?"

Hapo nikaona aibu nyingine. Nilikuwa na karatasi ya kamyo tu. Faida ambayo ningeipata Pweto sikuweza kuionyesha. Watu walionicheka dirishani sikuwajua majina. Siku zote nilizokwenda na kurudi, sikuandika hata moja.

Avoka akaandika barua, nami nikaitia sahihi. Haikuwa na neno pardon. Ajabu yake ni kwamba mwenye kazi akarudi kutoka Likasi, umeme ukawaka, na jina langu likatolewa kabla ya juma kwisha. Kazi ile ile! Juu ya hasara walibishana. Walisema barua yangu ya kwanza iliwachanganya, wakadhani kweli nina deni, kwa hiyo na mimi nina sehemu ya kosa. Avoka alisema tukienda mbele ya hakimu tutashinda, ila tutakawia. Sikuwa na nafasi ya kukawia. Nikakubali nusu ya malipo ya kamyo.

Niliporudi sokoni, mwanamke mwingine alikuwa anapanga nyanya juu ya meza ya mama yangu. Alinisalimia vizuri. Hakuwa na kosa lolote. Nikabeba samaki wangu kwenye beseni, nikaanza kutembeza mlango kwa mlango, na wewe ulizaliwa nikiwa bado natembeza.

Sasa, mwanangu, Jumapili iliyopita nilikusikia kwenye simu. Mama mmoja, sauti yake ikinifikia hata mimi jikoni, alikuwa anakuambia amelipa, na jina lake bado liko kwenye orodha. Ukamjibu, "Mama, si mimi, ni ordinatere. Ungoje, itajirekebisha." Ukakata, ukaendelea kula. Nilikuwa nimeshika mwiko wa bukari, na ni Mungu tu aliyeniambia niuache kwenye sufuria. Itajirekebisha! Nimekulea kwa beseni kichwani ili uje unijibu kama yule wa kijiti?

Nasaha yangu ndiyo hii. Mtu akikuambia jina lake limeandikwa vibaya, usimwambie aandike barua, umwombe risiti. Itazame siku hiyo hiyo. Ukikuta umekosea, rekebisha, kisha umwarifu kila uliyempelekea lile kosa, maana jina baya likishatoka ofisini kwenu linasomwa na watu usiowajua. Usiseme hukukusudia. Hakuna aliyekuuliza moyo wako, wanakuuliza kazi yako. Na ujue kwamba sheria inaweza kuwadai mlipe kwa uzembe tu, bila ubaya wowote. Lakini usingoje sheria. Watu kama mimi wa wakati ule hawafiki kwa avoka. Wanarudi nyumbani na kula bukari na chumvi, na nyinyi mnadhani mambo yamekwisha.

Na siku wewe utakaposimama upande wa pili wa dirisha, kwa maana kila mtu husimama huko siku moja, ongea. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Andika siku uliyokwenda na jina la aliyekujibu. Weka karatasi ya kila ulichopoteza. Pardon uombe pale ulipokosa, na pale tu.

Yule mama wa Jumapili, kesho asubuhi mpigie simu wewe mwenyewe, kabla hajafikiri kukuandikia barua ya kuomba msamaha.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe macho yasiyochoka kusoma mpaka mwisho, na kidole kisicho na uvivu wa kufuta kosa. Majina ya watu yapite mikononi mwako yakitoka safi kama yalivyoingia, na lako lisitajwe kwa aibu mbele ya mstari wowote. Amina.