Kijani Kinachozimika Ukikitazama

Saa nne asubuhi, jua la Songea limeshapasua ukungu, na Lidwina Komba anageuza kioo cha hadubini yake kulisaka dirishani. Jicho moja amelifumba, jingine limezama kwenye lenzi.

"Kipo," ananong'ona. "Kimewaka kijani kabisa."

Ni kimelea cha malaria, kwenye damu ya mtoto wa Halima, mkulima wa tumbaku kutoka Namtumbo anayesubiri kwenye benchi nje. Rangi mpya iliyoletwa na wageni mwaka huu wa 1994 hung'ang'ania vinasaba vya kimelea. Vikipigwa na mwanga, vinang'aa.

Muulize Lidwina kwa nini.

"Usiniulize," anacheka. "Semina ilikuwa ya Kiingereza. Nilichoelewa vizuri ni chai."

Kama ilivyo desturi ya maabara hii, anaiacha slaidi pale pale, jua likiipiga, na kwenda kumwita mkuu wake, Mzee Hironimus, athibitishe. Asipoona yeye, jibu halitoki. Mzee anakuja taratibu, akisalimia kila mgonjwa korido nzima. Anainama.

"Lidwina, mwanangu, humu mna giza tupu."

Wiki nzima imekuwa hivyo. Serikali inapunguza wafanyakazi, na maneno yameshaanza kwamba Lidwina anaona mazimwi. Mzee amemwambia wazi: asipokiona yeye mwenyewe leo, anamrudisha mapokezi.

"Nimechanganyikiwa," Lidwina anasema, machozi yakimlengalenga. "Nikiwa peke yangu kipo, akija mtu hakipo. Hata uchawi una utaratibu wake."

Anasimama dirishani, ameshika pazia la kitenge. Upande wa juani umepauka hadi maua hayaonekani. Uliokunjwa bado mpya.

"Jua linakula rangi," anasema polepole. "Kama limekula pazia, rangi ya slaidi litaiachaje?"

Anasogeza slaidi hadi mahali papya ambapo mwanga haujapiga, anakiona kijani kingine, na papo hapo anashusha pazia.

"Mzee, njoo ukae kwanza, ndipo nifungue."

Mzee anakaa, anaweka jicho. Pazia linapanda.

"Yesu na Maria," anasema. "Mtoto apewe dawa. Na wewe mapokezi huendi."

Lidwina anatoka mbio kumwambia Halima. Akirudi, anamkuta mzee bado ameinama.

"Lidwina, kimezimika."

"Umekitazama mno, baba."

Sasa Lidwina anasema anatamani jambo moja: kumpata mtu wa kumweleza, kwa Kiswahili, kwa nini kinawaka.

"Ukimpata," mzee anadakia bila kuinua kichwa, "niite mapema."