Bibi Alipokwenda Kuona Njiwa

Harufu ya mbegu ya mahindi iliyotiwa dawa na rangi ya pinki hunipokea mlangoni kabla sijaingia duka la pembejeo. Ni kali, ya vumbi na uchungu, inayoganda kooni. Msimu wa kupanda ukifika humtuma mtu aninunulie, na hapa kijijini Yakobi, Njombe, wananicheka kwamba mkulima gani huyu anaogopa mbegu. Juzi vijana waliofufua chama cha wafuga njiwa walikuja kuniuliza, kwa kuwa baba yangu alikuwa mmoja wa waanzilishi, kama maonyesho yao yawe ya wanachama tu au wawafungulie watu wote. Niliwapa chai, nikawazungusha kwa maneno mpaka wakaaga.

Baba alikuwa seremala. Kwa watu hakuwa msemaji, ila njiwa aliwasimulia kila kitu, hata mama akawa anasema kwamba laiti naye angeota mabawa. Alikuwa na weupe wenye mikia iliyochanua, na wekundu wenye manyoya mpaka vidoleni. Kila mwaka chama kilikutana Makambako kwenye ua wa mwenyekiti, geti likiwa limefungwa kwa mnyororo. "Watu wa huku ukiwaonyesha njiwa wanauliza analiwa na ugali au na wali," mwenyekiti alikuwa akisema, na hakukosea sana.

Mwaka ule baba, ambaye hakuwahi kuchangia neno kikaoni, alisimama akaomba geti lifunguliwe. Bibi yangu wa Matamba, mama yake, kila walipoonana alimwuliza mtu mzima anapata nini kwa ndege asiowala. "Nataka mama yangu awaone mara moja tu," baba alisema. Walibishana sana, mwishowe wakamkubalia.

Sasa wafungulie geti watu wa kwetu uone. Hakuna anayekwenda kwa mtu mikono mitupu. Walikuja na viazi, na ulezi, na maharage kwenye ndoo, kana kwamba njiwa walikuwa wanaoa. Mwenyekiti alipokea hiki na kile hadi akakosa pa kuweka.

Bibi alifika kwa basi, kavaa kitenge kipya, pindo limefungwa fundo. Kwao Matamba ni viazi, ngano na pareto. Mbegu za dukani za mahindi hakuwahi kuzishika. Aliposhuka Makambako alipita sokoni, akaona punje za pinki kwenye turubai, akazichagua kama mtu anavyochagua kitambaa cha sikukuu, akazifunga kwenye pindo. Muuzaji bila shaka alidhani anakwenda kupanda.

Wenye njiwa walikuwa barazani wakigombania njiwa wa nani awe wa kwanza. Bibi alinishika mkono tukapita kizimba kwa kizimba, akimwaga punje kidogo kidogo, kote sawa, asije akaonekana anapendelea wa mwanawe. Kila njiwa alipodonoa, alicheka. "Kumbe baba yako hana wazimu," aliniambia. "Wazuri hawa." Baadaye alimwambia baba maneno hayohayo mbele ya watu, na baba akainamisha kichwa huku akitabasamu. Tabasamu lile sikuliona tena. Alasiri tulimpandisha bibi basi la Mbeya ili ashukie Chimala, kwenye njia ya kwao, na dirishani alikuwa bado anacheka.

Tulipoanza kufunga mizigo turudi Njombe, yule mweupe mkubwa alilegeza mabawa. Akafuata wa pili. Walitapika, wakalala ubavu, ua mzima, wa kila mwanachama. Baba aliokota punje moja chini, akainusa, kisha akaviangalia vidole vyangu vilivyokuwa vimeshika mkono wa bibi. Vilikuwa na rangi. Alinipeleka bombani akaniosha kwa sabuni mpaka ngozi ikauma, na alichosema ni hiki tu: "Bibi yako asijue. Na hawa wasijue." Kisha akawaendea wenzake akawaambia mahindi yale ameyaleta yeye, kwa kutokujua.

Hakuna aliyempiga. Ingekuwa afadhali. Mwenyekiti alisema, "Ndiyo maana tulikuwa tunafunga geti," na tangu siku hiyo hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga kwetu. Njiwa wetu tulirudi nao kwenye gunia, tukawafukia nyuma ya banda.

Kila msimu uliofuata bibi alituma kwa basi kifurushi cha mahindi ya pinki, chakula cha njiwa. Baba aliyapanda nyuma ya banda tupu, palepale. Yalistawi, tukachoma, tukala. Nilimwona bahili asiye na haya, na nilimchukia. Bibi alipopiga simu kuuliza kama mzigo ulifika, baba alijibu, "Ulifika, mama. Umetumika wote." Nilikuwa nimeshazaa ndipo nilipoelewa kwamba, kama angeutupa, jibu hilo lingekuwa uongo, na tayari alikuwa amembebesha mama yake uongo mmoja mkubwa.

Bibi alikufa akiamini ana njiwa Yakobi. Msimu ule baba alilima nyuma ya banda kama kawaida, akachimba mashimo yote, kisha akasimama na jembe, hana cha kutia.

Vijana watarudi kutaka jibu langu. Nikisema wafunge geti, kuna mama wa mtu atakufa bila kujua mwanawe anapenda nini. Nikisema wafungue, mama huyo atakuja, na hatakuja mikono mitupu.