Ijumaa Niliyoutangaza Msikiti Mzima Kuwa Marehemu

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri mrefu na subira ya kuchekwa.

Kompyuta za mitumba zilipoanza kuingia nchini, msikiti wetu wa Kilosa ulipewa moja, nami katibu nikaingiza majina ya waumini wote. Kumbukumbu yake ikajaa. Nikaona kila jina limefuatwa na maneno "Yuko hai". Basi nikayaandika mara moja tu kwenye jedwali dogo, nikayapa namba 1, na kila muumini nikamwekea hiyo 1. Nafasi ikapatikana, nikavimba kichwa.

Kisha Bi Mwanaidi akafariki. Wanawe walikuja kutoka Mikumi ili mama yao aombewe dua Ijumaa. Nikafungua lile jedwali dogo, nikafuta "Yuko hai", nikaandika "Marehemu" kwenye ileile namba 1. Orodha ya marehemu ikachapwa kurasa nane. Nikasema, kweli duniani tunapita.

Ijumaa nikasimama kusoma.

"Marehemu Abdallah wa Lumuma."

"Inna lillahi!" watu wakaitikia.

"Marehemu Athumani Juma."

"Shikamoo, Mzee Katibu," ikatoka sauti safu ya mbele. "Mimi nimezikwa wapi?"

"Marahaba, Athumani. Usikatize dua," nikajibu bila kuinua macho, nikaendelea mpaka nikasoma jina langu mwenyewe.

Mwana mkubwa wa Bi Mwanaidi akainuka.

"Baba, nyote pumzikeni kwa amani. Mama tutamwombea sisi wa Mikumi, tulio hai."

Nawe unayesoma, Mungu akurefushie umri, na katibu wako asiufupishe.