Mbishi wa Kiti cha Meno

Mwalimu wa hesabu alikuwa amefura kwa hasira tangu Jumapili. Tamthilia ya chombo cha anga aliyoifuata kwa miaka kumi na tisa ilikuwa imeharibiwa na sehemu moja tu: nahodha aliwafutia abiria wote kumbukumbu bila kuwauliza, eti wasife kwa hofu.

Daktari wake wa meno, naye mpenzi wa tamthilia hiyo hiyo, alisema nahodha alifanya la maana. Na alisema lini? Baada ya kumdunga sindano ya ganzi na kumjaza pamba mdomoni.

“Ukianza kuwauliza watu wenye hofu, mwalimu, hakuna kitakachofanyika,” alisema huku mashine ikilia. “Ningekuuliza wewe, jino hili lingezibwa?”

Mwalimu aliguna, akapiga kiti kwa visigino.

“Unaona? Huna hoja.”

Miaka sita sasa ni mchezo huo huo. Mama huyu daktari haanzishi ubishi mpaka vidole vyake viwe ndani ya mdomo wa mtu. Akimaliza tu, anavua glavu na kuita mgonjwa mwingine. Sasa huyo ni mtu wa kubishana naye?

Mwalimu alitoka mdomo umepinda, mate yakimchuruzika, hoja tano zimemkwama kooni. Akaenda moja kwa moja mapokezi na kugonga kidole kwenye kalenda, tarehe ya kesho.

“Kesho tena?” karani alishangaa. “Jino gani linauma?”

Mwalimu akanyakua kalamu, akaandika: “Lolote.”