Swali Nililolifuta

Mzee niliyefanya naye kazi alikuwa fundi wa redio mjini Bungoma tangu mimi niko shule ya msingi. Kuandika programu alijifunza ukubwani, peke yake, kwa vitabu vya kuazima na simu yenye kioo kilichopasuka. Mimi nilisomea chuo kikuu. Kwa hiyo karakana yetu ndogo ya Kitale ilipoanza kuunda mitambo ya kuendeshea inkubeta, zile mashine za kuangulia vifaranga, mwenye karakana aliamua kwamba chochote mzee atakachoandika nikipitie mimi kwanza. Nikikubali, kiingie kwenye mashine. Mzee alikuwa rika la baba yangu. Hakuna aliyemuuliza kama mpango huo ulimkera.

Alibaki Bungoma, kwenye kibanda chake cha redio, kwa sababu wateja wetu wengi walikuwa upande huo. Kazi alinitumia kwa mtandao, nami niliandika maoni yangu kando ya mistari yake, mahali ambapo sote wanne wa karakana tuliweza kuyasoma. Nilikuwa na ulimi mkali. Siku moja niliandika chini ya mstari wake: “Hili hufundishwa somo la kwanza. Kwa nini umelikosea?”

Kesho yake alikuja Kitale na boksi la vifaa vilivyoharibika. Aliliweka chini, akasimama mbele ya meza yangu akiwa ameshika kofia.

“Madam, mimi nakuheshimu,” alisema, kwa ulimi wake unaogeuza l kuwa r. “Uriza kitu chochote. Rakini usiniurize kama mtoto wa shure, na kira mtu anasoma.”

Nilimwambia pole. Uso uliniwaka hadi jioni. Kuanzia hapo nikawa napima kila neno ninalomwandikia, na mara nyingine nikipima sana naliacha kabisa.

Sasa, ndani ya prosesa, ubongo wa kila inkubeta, mna saa ndogo inayohesabu kurudi nyuma. Programu ikiwa nzima, kila inapomaliza mzunguko wa kazi yake, yaani kupima joto, kuwasha hita au kuizima, kuandika nambari kwenye kioo, huigusa saa hiyo nayo ikaanza kuhesabu upya. Programu ikikwama, hakuna wa kuigusa. Saa inafika sifuri, inaizima mashine na kuiwasha upya. Sisi tuliiita soja, yaani mlinzi. Soja ana kazi moja tu, kugundua kwamba mwenye nyumba amezirai.

Msimu ule wateja walianza kulalamika kwamba mashine zinajizima na kujiwasha ovyo. Mteja mmoja wa Cheptais alitupigia simu akasema, “Mashine yenu iko na kwikwi, bana.” Mzee ndiye aliyepata chanzo. Kipima joto tulichonunua safari hiyo kilikuwa kizito kujibu. Wakati mwingine kilichelewa mpaka soja akakosa subira. Alichunguza jambo hilo siku nyingi na kuligundua vizuri kuliko ambavyo mimi ningeligundua. Nataka hilo lijulikane.

Dawa aliyoitoa ndiyo iliyokuwa na kasoro. Badala ya programu kumgusa soja baada ya kazi kukamilika, alitumia saa nyingine ya ndani ya prosesa, inayojiendesha yenyewe, imguse soja kila nusu sekunde, kazi iwe imefanyika au haijafanyika. Kwikwi ikapona. Lakini soja wa namna hiyo hawezi tena kujua kama mwenye nyumba yuko hai.

Ilinifikia Ijumaa, saa sita mchana. Yalikuwa mabadiliko mafupi, yanasomeka kwa dakika tano. Niliiona kasoro mara moja. Nikaandika: “Mzee, programu ikikwama huku saa hii ikiendelea kumgusa soja, soja atajuaje?”

Nililitazama swali langu. Lilifanana na swali la mwalimu anayejua jibu tayari. Nikakumbuka ile kofia mikononi mwake. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amenipigia simu kwa furaha, akanieleza jinsi alivyokipata chanzo, na nikamsikia akimcheka mteja wake kwa Kibukusu. Nikalifuta. Nilijiambia nitampigia Jumatatu tuzungumze wawili, bila macho ya watu. Nikaandika: “Iko sawa, Mzee. Kazi nzuri.” Nikaidhinisha, nikaenda kula.

Jumatatu ilikuja na shughuli zake. Sikupiga. Malalamiko yalikoma, mwenye karakana akatununulia soda, na kadiri wiki zilivyopita ndivyo nilivyozidi kuona kwamba labda nilikuwa na wasiwasi wa bure.

Huko Kabuchai kulikuwa na mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliyekuwa na inkubeta yetu kwenye chumba alimokuwa akiishi mwanawe kabla hajaoa. Alitia mayai mia tatu. Siku ya kumi na nane, waya wa kipima joto ulilegea. Programu ikauliza joto ni ngapi, haikujibiwa, ikabaki inangoja jibu. Hita ilikuwa imewaka wakati huo, ikaendelea kuwaka. Kioo kilibaki na nambari ya mwisho, thelathini na saba nukta saba, ambayo ndiyo nambari nzuri. Mama alipita asubuhi akaisoma, akapita jioni akaisoma, akaridhika. Hatukuwa tumeweka hata kifaa cha pembeni cha kukata umeme wa hita joto likizidi. Tulimtegemea soja, naye aliendelea kuguswa kila nusu sekunde.

Kilichomfanya afungue mlango ni harufu. Alipasua yai moja, akapasua la pili, akaacha. Vifaranga walikuwa na manyoya tayari. Kisha akampigia mzee, kwa sababu mzee ndiye aliyemfungia mashine ile.

Tuliitwa kikao Kitale siku mbili baadaye. Mzee alikuja na shati la kanisani. Mwenye karakana hakupaza sauti. Aliuliza tu nini kilitokea. Mzee alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame, akaeleza yote bila kujitetea.

“Kosa ni rangu,” akamaliza. “Mimi ndiye niriandika.”

Mwenye karakana akanigeukia. “Na wewe ulipitia. Hukuona kitu?”

Nilikuwa na nafasi. Maneno yalikuwa mafupi: niliona, nikaogopa kusema. Badala yake nikajibu, “Ilionekana sawa.”

“Madam hana makosa,” mzee akaingilia kabla sijameza mate. “Hata mimi mwenyewe sikuona. Angeona vipi yeye?”

Alinitetea. Nikamwacha anitetee. Kikao kikaisha kwa uamuzi kwamba mzee asiandike programu tena, awe anatengeneza vifaa vilivyoharibika tu. Alisema sawa. Hakumaliza mwezi. Alirudisha kompyuta ya karakana ikiwa imefungwa vizuri kwa gazeti na kamba, akatuaga mmoja mmoja, akarudi kwenye redio zake.

Ilinichukua miezi minne kwenda Bungoma. Nilimkuta kibandani, amefungua redio kubwa ya zamani, miwani imeshuka puani. Alifurahi kuniona, na furaha hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alinifutia kiti vumbi, akaagiza chai kwa jirani. Sikungoja chai ifike.

“Mzee, ile kazi ya soja. Niliiona kasoro siku ile ile. Niliandika swali, halafu nikalifuta.”

Aliweka bisibisi chini. “Uririfuta?”

“Nilifuta.”

“Kwa nini?”

“Uliwahi kuniambia nisikuulize kama mtoto wa shule. Niliogopa kukuaibisha tena.”

Alivua miwani. Nje mtu alikuwa anashusha miwa kutoka kwenye mkokoteni.

“Nirikuambia usiniurize kama mtoto,” akasema hatimaye, polepole. “Sikukuambia usiniurize.”

Chai ikaja, tukanywa. Alinieleza kwamba alifikiri akili yake imezeeka. Kwamba usiku mwingi alikuwa akiisoma tena ile mistari akijiuliza: kama mimi, na elimu yangu yote, sikuona kitu, yeye alikuwa anajidanganya nini kujiita mwandishi wa programu? Aliyasema bila hasira. Heri angenigombeza.

Jumatatu nilimweleza mwenye karakana. Alikaa akichezesha funguo zake. “Ungesema siku ile,” akasema. Alimpigia mzee mbele yangu, akamwomba arudi, aandike kama zamani. Mzee alimshukuru sana, akamuulizia watoto, akasema amezoea pale alipo.

Soja nilimtengeneza upya mwenyewe. Sasa kila sehemu ya programu lazima itoe taarifa kwamba imefanya kazi yake, na sehemu moja ikinyamaza soja haguswi. Kipima joto kizito nacho tulikiongezea muda. Tukaweka pia vile vifaa vya kukata umeme wa hita, tukazunguka kwa wateja mmoja baada ya mwingine kubadilisha.

Kabuchai niliomba kwenda mimi. Mama aliisukuma mashine kwa mguu akaniambia nifanye nitakavyo, yeye amerudia kuku wa kulalia mayai. Nilipomaliza nikamweleza kwamba kosa lile halikuwa la mzee peke yake. Kwamba mimi niliona nikanyamaza. Alinitazama muda mrefu, kama anavyotazamwa mgonjwa anayedai ametumia dawa zote.

“Yule mzee alikuja hapa mara tatu kuniomba msamaha,” alisema. “Mara ya tatu nilimfukuza. Nilimwambia arudi kwenye redio zake, awaachie wasomi kazi ya wasomi. Mbele ya watu wa kanisa, nikamwambia hivyo.”

Kuku mmoja aliingia, akatoka.

“Mwambie nimekosa,” akasema. “Ama nitamwambia mwenyewe. Hapana, mwambie kwanza wewe.”

Nilimpigia nikiwa bado kwenye njia ya mahindi inayotoka kwa mama kwenda barabarani. Nilimfikishia maneno yote, neno kwa neno.

“Sawa, Madam,” akasema. “Asante.” Akaniambia ana mteja anangoja. Kabla simu haijakatika nilisikia redio ikiwashwa, ikakwaruza, kisha mtu akaanza kusoma matangazo ya vifo.