Aliyeuona Mpira wa Brant

Verlin Schrag amecheza gofu ya kulipwa kwa miaka ishirini na mbili, na kama umewahi kulisikia jina lake, basi umelisikia kwa mdomo wa Brant Laughery.

Brant ana vikombe vitatu vya ligi kubwa, na kila anapowekewa kipaza sauti mbele anaikumbuka Florida. Ulikuwa mchujo wa mwisho wa mwaka, shimo la mwisho, na mpira wake ulipotelea vichakani. Wakati ule sheria ilitoa dakika tano za kutafuta. Dakika ya nne, Verlin, aliyekuwa akicheza naye, akaufunua chini ya kuti bichi na kusema, "Huu hapa." Brant aliingia ligi kubwa kwa pigo moja. Verlin akabaki nje kwa pigo hilohilo.

"Angenyamaza," Brant huwaambia watangazaji, "leo mngekuwa mnamhoji yeye."

Huwa anayasema kwa heshima, na ndiyo maana yanauma. Nimembebea Verlin mkoba wa fimbo kwa majira sita ya kiangazi, tumefikia katika nyumba za wenyeji wema kutoka Nebraska hadi Georgia, na katika kila nyumba baba mwenye nyumba humshika mkono na kuuliza, "Ni wewe uliyeuona mpira?" Ameshinda mara mbili katika ligi ya chini, mara moja huko Idaho kwenye mvua ya mawe. Hayo hakuna anayeyauliza.

Wivu wake haukuwa wa kelele. Aliujua umri wa watoto wa Brant. Alijua Brant alibadilisha lini mshiko wa fimbo na nani alimfundisha. Tukisimama kula njiani, kama televisheni ya hoteli ilikuwa inaonyesha gofu, alichagua kiti kinachoipa mgongo, kisha akala huku akiniuliza, "Sasa yuko shimo la ngapi?"

Jambo moja tu alilitaka kabla mabega hayajamkatalia: kucheza mashindano ya Wichita. Anakaa nje ya Newton, mwendo wa nusu saa kutoka pale, katika nyumba aliyoachiwa na baba yake katikati ya mashamba ya ngano. Kila mwaka alienda kwenye mchujo wa Jumatatu, mamia ya watu wakigombea nafasi chache, na kila mwaka alikosa. Mkewe, Darla, alinunua kiti cha kukunja mwaka wa kwanza, cha kukalia kando ya uwanja akimtazama mumewe. Kiliwekwa gereji. Kilikuwa bado na karatasi ya dukani.

"Nitakifungua siku utakayoingia," alimwambia. "Sikukinunua nikakae kumtazama mume wa mtu."

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya mchujo, tulisikia kwamba Brant ameshuka. Mgongo ulipasuliwa mara mbili, nafasi yake ligi kubwa ikaisha, na sasa anaanza upya na sisi. Verlin alipiga mluzi siku nzima. Siku ya pili aliona haya akaacha. Ya tatu akaanza tena.

Kisha ratiba ikatoka: Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Schrag na Laughery. Wa tatu wao alikuwa amejitoa.

"Mzee wa kuona mipira!" Brant aliita tulipofika, akamkumbatia. Alikuwa amenenepa, na aliinama kuweka mpira kama mtu anayeshuka kwenye punda. "Macho bado yanaona?"

"Yanaona hicho kitambi."

"Hiki ni cha kunisaidia kusimama kwenye upepo wenu. Darla yupo?"

"Yuko kazini."

"Mwambie bado nakumbuka ile mikate yake ya kabichi na nyama."

Tulipokuwa tunatembea Verlin alininong'oneza, "Ameila lini mikate ya mke wangu?"

"Mwaka ule wa Florida. Ulinisimulia mwenyewe. Alilala kwenu."

"Mara moja tu," akasema, kana kwamba nimemzidishia.

Lakini alicheza. Sijawahi kumwona akicheza vile. Kila Brant alipoweka mpira karibu na shimo, Verlin aliweka wake karibu zaidi, na nadhani ule uchungu ndio uliomnyoosha mkono. Tulifika shimo la kumi na nane na hesabu ilikuwa wazi kwa wote: Brant amekwisha kuingia, labda ashikwe na kichaa. Verlin akimaliza shimo lile kwa mapigo manne, anaingia pia. Akitumia matano, anarudi nyumbani.

Upepo wa kusini ulikuwa umeamka. Mpira wake ukaondoka vizuri, ukakunja, ukazama kwenye majani marefu upande wa kushoto.

"Piga wa akiba, kaka," Brant akasema. Ndivyo afanyavyo kila mtu wa kazi hii: unapiga mpira wa pili palepale, ili wa kwanza usipoonekana usilazimike kurudi nyuma.

"Nimeona ulipotua."

"Hata mimi nimeona. Piga tu."

"Nimesema nimeuona."

Siku hizi dakika ni tatu, na zinaanza mchezaji anapoanza kutafuta. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilimwona akibonyeza saa yake akiwa bado kwenye njia ya magari madogo, hatua arobaini kabla ya kuyafikia majani. Sikulitilia maanani. Nilijua hana subira.

Tukaingia. Majani yalifika kiunoni. Mimi nilipepeta kwa miguu, Verlin kwa fimbo, na Brant, mwenye ule mgongo, alipiga magoti akawa anatambaa, akiyatenga majani kwa viganja huku akiguna.

"Acha, utaumia," nikamwambia.

"Nina deni hapa," akasema bila kuinua kichwa.

Verlin alisikia. Niliona shingo yake ikikakamaa.

"Huu hapa!" Brant akapaza sauti. Uso ulikuwa mwekundu na alikuwa anacheka kama mtoto. "Una alama yako, nukta mbili za kijani. Na umekaa vizuri! Verlin, unaingia Wichita!"

Verlin akaangalia saa. "Dakika tatu na sekunde nane."

"Haiwezekani. Nimehesabu kichwani, hazijafika hata tatu."

"Saa inasema imepita."

"Uliiwasha wapi? Uliiwasha huku unatembea, bwana! Muulize huyu wako."

Wote wawili wakanitazama. Ningesema. Nilifungua mdomo. Lakini Verlin alikuwa amekwisha kuichomoa fimbo ndefu mkobani.

"Muda umekwisha," akasema, akageuka, akaanza kurudi mahali pa kupigia, hatua karibu mia tatu dhidi ya upepo, peke yake. Brant alibaki amepiga magoti, kidole bado kikiuonyesha mpira.

Alipiga wa pili ukanyooka katikati. Akaupandisha kwenye majani mafupi ya shimo, akautumbukiza kwa pigo moja la mbali. Mapigo matatu safi, lakini pamoja na lile la kwanza na la adhabu yakawa matano. Alikosa kwa pigo moja.

Tulikuwa garini, Newton imeanza kuonekana, alipoitazama saa yake.

"Niliiwasha wapi?" akauliza.

"Njiani. Kabla ya majani."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Alijua. "Ningeupiga ule mpira," akasema, "angenisimulia mpaka kaburini. 'Nikamtafutia, nikamtafutia, nikampatia.' Na Darla angempikia."

Jioni hiyo Brant alihojiwa. Alisema katika maisha yake hajaona mwadilifu kama Verlin Schrag. Jumatano gazeti la mji likaandika. Jioni yake, kwenye ibada ya katikati ya wiki, watu walimshika mkono, na mchungaji akauliza kama angependa kuzungumza na vijana. Verlin alisema ana kazi ya kukata majani.

Brant akaleta tikiti tatu. Darla, ambaye aliamini kila neno la gazeti, alilia kidogo, akaenda gereji akarudi na kiti.

"Ulisema siku nitakayoingia mimi," Verlin akamwambia.

"Mtu ametambaa kwenye majani kwa ajili yako na mgongo ule. Beba hiki."

Basi Alhamisi tulikuwa kwenye jua, kando ya shimo la kumi na nane. Darla akang'oa karatasi ya dukani, akakifungua kiti, akakaa, bakuli la mikate ya kabichi mapajani limefunikwa kwa taulo. Verlin alisimama nyuma yake. Brant alipotokea juu ya kilima, Darla aliinuka akapiga makofi.

Verlin aliupa uwanja mgongo. Baada ya muda akanigusa kiwiko.

"Mpira wake uko wapi?"

"Umeingia majani ya kushoto," nikamwambia.

Akageuka upesi. Macho yake yalikuwa yameshauona mpira kabla ya yangu.