Kopo la Ijumaa

Shule niliiacha darasa la tatu, mama yangu alipougua na mtu wa kushusha ndizi kutoka Kinole, kule mlimani, nikabaki mimi. Kwa hiyo msitegemee maneno ya kupambwa. Lakini nyumba najua kuiendesha. Ulizeni hapa Mafiga ni bibi gani hajawahi kusimama mlangoni kwa jirani na kikombe, anaomba chumvi. Watawaleta kwangu.

Binti yangu wa mwisho alipofariki aliniachia mjukuu mmoja wa kike, bado anayumba akitembea. Baba yake ni fundi wa barabara, mtu wa Kanda ya Ziwa, leo yuko huku, kesho yuko kule. Palepale msibani akaniambia, "Mama, kaa naye. Hela ya chakula nitatuma kila mwezi."

Nikamjibu watu wanasikia: "Tuma ulichonacho. Kikiwa kidogo tutakula kidogo, lakini simu yangu ya kuomba nyongeza hutaisikia."

Nilijua ninachokisema. Siku nitakayoshindwa kumlisha mtoto yule ndiyo siku watu wa baba yake watakayonichukulia. Nilikuwa nimeshazika mama yake. Sikuwa tayari kubaki na kitanda cha pili kitupu.

Dawa yangu ilikuwa makopo. Hela ikifika nanunua vya mwezi mzima kwa mkupuo: unga, mchele, maharage, dagaa, mafuta. Mboga na magimbi sinunui asubuhi, asubuhi ni ya wenye hela. Naenda sokoni jua likianza kulegea, akina mama wa mlimani wanawahi gari la kurudi juu na hakuna anayetaka kupanda na mzigo aliokuja nao. Hapo ukinunua fungu unaongezwa jingine bila kugombana.

Kila Jumamosi natandika mkeka napanga makopo ya maziwa ya unga, moja kwa kila siku ya wiki, kila moja limefungwa kitambaa cha rangi yake kwa sababu kuandika kwangu ni kwa shida. Napima. Jumatatu maharage. Jumanne unga, mboga ni matembele ya uani kwangu. Jumatano magimbi, na kwa kuwa magimbi hayaingii kwenye kopo, kopo lake lina karanga za kuungia. Alhamisi dagaa. Ijumaa mchele, wali wa nazi, siku ya watu kuvaa vizuri na kula vizuri. Jumamosi kisamvu. Jumapili kunde. Na sheria ni moja: kopo la kesho halifunguliwi leo. Aje nani, aje nani.

Mjukuu alizijua siku kwa ulimi kabla hajazijua kwa kitabu. Mwalimu alimuuliza leo ni siku gani, akajibu, "Leo dagaa." Darasa zima likaangua kicheko. Niliposimuliwa, nilijivuna kama nimezaa upya.

Alhamisi ndiyo iliyokuwa ikimtesa, maana wali uko karibu. Atalizunguka kopo la kitambaa cha kijani, atalinusa.

"Bibi, tulichungulie tu."

"Wewe mke mwenzangu una tamaa! Babu yako alikula nguvu zangu akaondoka, na wewe umekuja kumalizia?"

"Babu alikuwa ananipenda mimi kuliko wewe."

"Hata hamkuonana!"

"Ndiyo maana."

Tulikuwa tunacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Na alikuwa anashiba. Hilo niliandike vizuri lisomeke: mtoto yule hakulala na njaa hata mara moja kwangu.

Basi baba yake akaja, Alhamisi, bila kupiga simu. Alikuwa anapita kwenda kazini kwake, akasema ashuke amwone mtoto, alale siku mbili. Dagaa walikuwa tayari kwenye sinia, nimeshawatoa vichwa. Nikawatazama dagaa, nikamtazama mkwe wangu kwenye kiti, na viatu vyake vinang'aa. Kwetu mkwe hawekewi dagaa. Ukimwekea, habari itapanda mlima kabla hujaosha sahani.

Nikafungua kopo la Ijumaa. Nikamkamata mtetea, kuku pekee niliyekuwa naye. Nikakuna nazi. Kitu nilichomwekea mezani kingemstahili mtu yeyote, hata shehe.

Mjukuu alikuwa amesimama na jagi la kunawisha mikono. Anamwangalia baba yake anavyomega wali, macho yamemtoka.

"Baba, una bahati wewe! Leo siyo siku ya wali."

"Kumbe leo ni siku ya nini?"

"Dagaa. Wali ni kesho. Bibi amefungua la kesho!" Alisema kama mtu anayetangaza kwamba msikiti umehama.

Baba yake akacheka. "Haya, na siku nyingine?"

Akamwimbia wiki nzima, kidevu juu, kopo kwa kopo, rangi kwa rangi. Alikuwa anaringia nyumba yake. Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza, na mimi naringa.

"Na nyama je?"

"Nyama sikukuu."

"Hata yai?"

"Yai ninakula. Anataga... hapana, alikuwa anataga huyo." Akaonyesha bakuli.

Sikusikia tena kicheko. Nilipotoka nikakuta mkwe amenawa, na wali umebaki nusu sahani.

"Mama," akasema, "mwanangu anakula kwa zamu kama mahabusu."

"Mahabusu anajua kesho atakula nini. Nyumba ngapi mtaa huu zinajua?"

"Mimi sasa nina nyumba na nina mke. Nilikuja kumwona tu, Mungu shahidi. Lakini kwa haya niliyoyasikia, Jumamosi naondoka naye."

Nikampigia kaka yangu, kule Kinole. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwa baba yake wanasema mtoto ni wa aliyetoa mahari. Kaka akashuka na gari la kwanza Ijumaa, amebeba mkungu wa ndizi begani. Akakaa, akamsikiliza mkwe mpaka mwisho, akanywa chai yangu. Nami nikangoja alitamke lile neno la ukoo.

"Dada," akasema, "mtoto ni wetu, hilo halina mjadala. Lakini baba mtu anasema mwanawe hashibi. Mimi nitasimama wapi nimzuie?"

"Hashibi? Kamuulize mwenyewe!"

Mtoto alikuwa uani anamwagilia matembele. Hakuna aliyesogea kumuuliza. Wanaume wawili walishikana mikono kwenye kibaraza changu, kaka akaniachia ule mkungu wa ndizi kama mtu anayeacha rambirambi, akarudi kwake. Mkwe naye akaondoka kwenda kukata tiketi, akasema atakula hukohuko mjini.

Tukabaki wawili. Ijumaa, na kopo la Ijumaa ni tupu, na mchele wa mwezi ulikuwa umeishia kwenye kopo lile. Najua mnachowaza: kikombe cha mchele jirani gani angeninyima? Hakuna. Lakini sijawahi kwenda, na mtoto alijua kwetu hatuendi. Nikabandika dagaa wa jana.

Nilipompakulia sikuweza kumtazama. Yeye ndiye aliyenishika goti.

"Bibi, usijali. Tujifanye leo ndiyo Alhamisi."

Basi tukajifanya. Tulikula dagaa wetu polepole, akalisogelea kopo la kitambaa cha kijani, akalinusa, akasema, "Tulichungulie tu," nami nikamwita mke mwenzangu mwenye tamaa. Ingekuwa Alhamisi kweli, ningebaki naye siku mbili. Asubuhi ilikuja na ilikuwa Jumamosi, nikamsuka, nikamsindikiza stendi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, katikati ya wauza maji na karanga, kilemba kikanidondoka na sikukiokota, akakiokota yeye.

Sasa ninamsikia kwenye simu. Mshahara wa baba yake ukiingia, ananisimulia nyama, soda, chipsi. Hawapimi, hawapangi. Simu za mwisho wa mwezi ndizo zinazonikata maini.

"Bibi, leo kwako ni nini?"

"Kunde, mama."

"Huku uji."

"Na jana?"

"Uji."

Nilimwomba anipe baba yake. Nikamwambia neno moja, "Nunua makopo." Akacheka, lakini kicheko cha mtu aliyechoka. "Mama, hapa si jela." Akamrudishia mtoto simu. Mtoto akanong'ona ili huko wasimsikie:

"Bibi, wali wangu wa Ijumaa nakudai."

"Najua, mke mwenzangu."

"Usile."

"Sili."

Kopo lipo. Liko kwenye rafu na kitambaa chake cha kijani. Ijumaa yenyewe mimi nakula chochote, ndizi, kiporo, sijali. Mchele ule nauanika juani wadudu wasiingie, naupepeta, naurudisha. Ukishachakaa naupika, maana chakula simwagi, nakaa nao kwenye mkeka, naula peke yangu. Nikimaliza naosha kopo. Halafu napima mwingine, wa watu wawili, na nafunga mfuniko.